Bi. Tekla Bonaventura, Aliyetufundisha Kumpokea Mgeni Kazini

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Tekla Bonaventura anastaafu, baada ya kuitumikia Kampuni ya Visima Mbwemkuru kwa miaka thelathini na moja, sehemu kubwa ya miaka hiyo akiwa mkuu wa Ofisi ya Utumishi hapa Lindi. Anaondoka akiwa na afya njema, magoti yake bado yanapanda ngazi, na mezani kwake hakuna faili linalosubiri saini. Sisi wa ofisini kwake tulikuwa na wasiwasi kwamba angeombwa abaki na yeye angekubali, kwa kuwa hajawahi kujua kukataa kazi. Mkurugenzi wetu, Mhandisi Laurenti, alimwomba kweli. Bi. Tekla akamjibu kwamba ana mikorosho Mtama ambayo imemsubiri vya kutosha, na mazungumzo yakaishia hapo. Tulishusha pumzi. Tutamkosa sana, lakini mapumziko haya ameyafanyia kazi.

Alizaliwa Mtama, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, akasomea uhazili, na mwaka 1994 akaajiriwa kama karani wa mapokezi. Kampuni wakati huo ilikuwa na mtambo mmoja wa kuchimba visima, lori moja, na simu moja ya mezani iliyofanya kazi siku ilipojisikia. Wachimbaji walikuwa wakienda bara wiki nyingi bila kusikika. Wake zao walipokuja ofisini kuuliza, aliyekuwa na jibu ni karani wa mapokezi. Alijua nani yuko wapi, nani ameumwa malaria, nani ana mtoto anayetarajiwa kuzaliwa. Bosi wa enzi hizo aliliona hilo, akampeleka kusoma mambo ya utumishi, na aliporudi hakurudi tena kwenye dawati la mapokezi.

Madereva wetu wana visa vyao juu yake. Wanachokikumbuka wengi ni kile cha lori lililokuwa tayari kuondoka alfajiri kuelekea Liwale. Bi. Tekla alikuja kuwaaga, akamwona kibarua mmoja kakaa juu ya mabomba amevaa kandambili. Akasimama mbele ya lori na mkoba wake begani, akasema haliendi popote mpaka huyo kijana apate viatu vya kazi. Dereva alilalamika kwamba watachelewa. Walichelewa. Kibarua yule leo ni fundi mkuu wa karakana yetu, na vidole vyake vyote vya miguu vipo.

Lakini ukimuuliza mfanyakazi yeyote wa Mbwemkuru kuhusu Bi. Tekla, mapema au baadaye atakutajia dodoso la hulka. Habari hiyo inasimuliwa kwa namna nyingi, nyingine zimekolezwa chumvi. Kwa kuwa mimi nilikuwa msaidizi wake tangu kabla dodoso halijafika, nimeombwa niisimulie ilivyokuwa.

Tatizo lilikuwa wageni kutokaa. Kikosi cha kuchimba visima huishi kambini, leo Njinjo, mwezi ujao kwingine, watu walewale wakila pamoja, wakilala mahema yaliyopakana, wakijuana mpaka mikoromo. Wengi wao ni Wamatumbi, Wamwera na Wamakonde waliofanya kazi pamoja tangu ujana, na lugha yao kuu ni utani. Mgeni akija kutoka mkoa mwingine, hajui kwamba anayemwambia maneno makali ndiye amempenda. Fundi umeme mmoja kutoka Morogoro aliambiwa na mpishi wa kambi, siku yake ya pili, kwamba sanda yake imeshanunuliwa. Mpishi alikuwa anamkaribisha. Asubuhi fundi alikuwa ameshapanda bodaboda kuelekea lami, na hakurudi hata kuchukua godoro lake.

Kila mgeni alipoondoka, Bi. Tekla aliumia kama aliyefiwa. Alikuwa ameshamtafutia nyumba, ameshaongea na mama yake kwa simu. Alisema mara nyingi kwamba hatujui tunawapoteza wapi.

Ndipo Mhandisi Laurenti akahudhuria semina Dar es Salaam, akarudi na dodoso. Lilikuwa na maswali ya kawaida tu. Ukipata tatizo kazini, unapenda kulizungumza kwanza na wenzako au kulifikiria kwanza peke yako? Ukipewa maelekezo, unapenda yawe ya kina au unapenda uachiwe nafasi? Hakukuwa na kufaulu wala kufeli. Mwisho wa majibu ulipata maelezo ya mtu aliyejibu: anavyopenda kufanya kazi, kinachomchosha, kinachomtia moyo. Wachimbaji walilipokea kwa kicheko. Walisema Bi. Tekla sasa anapiga ramli ya karatasi.

Yeye hakujali. Alilipenda dodoso lile kama mtu aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza. Alilijaza yeye, akanijazisha mimi, akamjazisha mlinzi wa getini. Aliamini kwamba sasa, kabla mgeni hajafika kambini, kikosi kitajua kinampokea mtu wa namna gani, na makosa ya zamani hayatatokea tena. Mgeni wa kwanza kupokelewa kwa dodoso alikuwa Martina Sanga.

Martina alikuwa binti wa Kikinga wa miaka ishirini na sita kutoka Makete, mtaalamu wa kutafuta maji chini ya ardhi, yaani yule anayepima na kusema tuchimbe hapa au tusichimbe. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Alikuja ofisini na begi moja, akajibu maswali kwa sauti ya chini, akajaza dodoso kwa uangalifu mkubwa. Majibu yalisema kwamba ni mtu wa kimya, anayefikiri kabla ya kusema, na anayehitaji utulivu ili afanye kazi vizuri. Bi. Tekla aliyasoma, akatabasamu, akampigia simu kiongozi wa kikosi kilichokuwa Likawage, wilayani Kilwa, Mzee Jafari Likwata.

“Mzee Likwata, nakuletea mtaalamu. Binti mzuri sana, lakini ni mtu wa kimya. Anapenda utulivu. Tafadhali msimsumbue. Waambie vijana wako na huyo mpishi wako wamwache.”

“Nimekuelewa, Mama Tekla,” alisema Mzee Likwata. “Tutamwacha.”

Mzee Likwata ni mtu wa Njinjo, amechimba visima tangu mtambo ule wa kwanza, na neno lake akishalitoa halirudi. Alimwacha Martina kwa ukamilifu. Hema lake lilisimamishwa upande wa pili wa kambi, mbali na jenereta na mbali na watu. Chakula chake mpishi alikipeleka hemani kikiwa kimefunikwa, akakiweka mlangoni na kuondoka. Vijana walikatazwa utani naye. Alipopita, waliokuwa wanacheka walinyamaza. Walimwita mtaalamu, hawakumwita Martina. Akipeleka vipimo vyake, Mzee Likwata alivipokea kwa heshima, akauliza swali, na Martina alipochukua muda kufikiri, mzee akaona anadharauliwa, akaondoka zake. Baada ya muda vijana nao wakaanza kusema chini kwa chini kwamba binti huyu anajiona.

Huku Lindi hatukujua lolote. Ripoti zilizotufikia zilisema kambi ni tulivu, na Bi. Tekla akazisoma kwa furaha.

Simu ya Martina iliingia siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Likawage wakati ule ilibidi upande kilima kilicho nyuma ya shule ndipo upate mtandao, na hata hapo ni wa kubahatisha, kwa hiyo Bi. Tekla aliweka sauti kubwa. Nami nilisikia yote.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za huko?”

“Nzuri. Mama, naomba gari la mafuta likija, nirudi nalo. Barua ya kuacha kazi nitaiandika nikifika.”

Bi. Tekla aliweka kalamu chini. “Unaumwa?”

“Hapana, mama.”

“Kuna mtu amekukosea adabu? Niambie, usiogope.”

“Hakuna aliyenikosea. Wana heshima sana.” Sauti yake ikaanza kukatika, na safari hii haikuwa kwa sababu ya mtandao. “Hakuna mtu anayenisemesha, mama. Tangu nimefika. Nakula peke yangu kama mgonjwa. Sijui nimewafanya nini.”

Bi. Tekla alimwambia asubiri, asifunge begi bado. Kisha akakaa akiutazama ukuta. Namfahamu kwa ukali wake, kwa vicheko vyake na kwa kelele zake, lakini ukimya ule sikuwa nimewahi kuuona. Mwishowe akasema, “Zakia, mimi ndiye niliyemfungia huyu mtoto.” Akasimama, akaenda karakana kuuliza gari la mafuta linaondoka lini.

Gari la mafuta si gari la mkuu wa utumishi, na wakati huo mvua za masika zilikuwa zimeanza. Mhandisi Laurenti alimshauri atume mtu. Alikataa. Alipanda alfajiri, kanga kiunoni na viatu vya mvua vya kuazima kwa mlinzi. Baada ya Njinjo barabara ilikuwa tope tupu. Gari lilikwama, wakachimba, likatoka, likakwama tena. Dereva anasema Bi. Tekla alikata matawi ya kuweka chini ya matairi kama mtu aliyezaliwa porini, na hakuacha kuongea njia nzima. Walipofika Likawage jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na yeye alikuwa ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi.

Hakwenda kwanza kwa Mzee Likwata. Alikwenda hemani kwa Martina, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamweleza alichokifanya: kwamba alisoma karatasi, akampigia simu kiongozi, akasema wamwache, bila kumuuliza yeye mwenyewe hata neno moja. Akamwomba radhi. Martina, kwa kawaida yake, alinyamaza kwa muda, na Bi. Tekla, ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi, safari ile alisubiri.

“Karatasi haikusema uongo,” alisema Martina hatimaye. “Ila iliniuliza mambo ya kazi tu. Haikuniuliza napenda kula na nani.”

Bi. Tekla akamuuliza kama anaruhusu yasemwe mbele ya wengine. Martina akasema yanayomhusu atayasema mwenyewe.

Basi walikutana wote kwenye kibanda cha jiko kabla ya chakula, kikosi kizima, wengine wameketi juu ya mabomba. Bi. Tekla alisimama akiwa na tope lake vilevile.

“Nimekuja kusema kwamba nimekosea,” alianza. “Nilikwambia, Mzee Likwata, umwache huyu binti. Ukanitii. Kosa si lako, ni langu. Sasa, kwa kuwa nilisoma yake bila ruhusa yake, nitawasomea yangu.”

Akatoa karatasi yake mkobani na kusoma. Ilisema kwamba ni mtu wa kujitolea, mwepesi wa kuamua, lakini hukatiza maneno ya wengine na hudhani amejua shida ya mtu kabla hajaelezwa. Mpishi akashindwa kujizuia.

“Mama, kwa hilo karatasi ilihitajika?”

Wakacheka wote, na Bi. Tekla akacheka kuliko wao. Kisha akamgeukia Mzee Likwata na kumuuliza kama naye angependa kujibu maswali.

“Mimi? Kwa umri huu nipimwe hulka?” alisema mzee. “Mke wangu ameshanipima, na majibu ninayo.”

“Swali moja tu. Ukimuuliza mtu jambo akanyamaza, unaelewa nini?”

Mzee Likwata hakuhitaji kufikiri. “Naelewa amenidharau.”

Hapo Martina akasimama.

“Shikamoo, mzee. Mimi baba yangu ukimjibu haraka anasema hukumsikiliza. Nikinyamaza ukiniuliza, ndiyo heshima yenyewe. Naona swali lako ni zito, ndiyo maana nalifikiria. Nikimaliza nitakujibu, na kama unaona nachelewa, niulize tena, sitakasirika. Kimya nakipenda nikiwa na vipimo vyangu. Kwenye chakula sikitaki. Kwetu tulizaliwa watoto tisa. Sijawahi kula peke yangu mpaka nilipofika hapa.”

Mzee Likwata aliitazama njia iliyokwenda hemani kwa Martina, njia ambayo mpishi alikuwa akiipita kila siku na sahani iliyofunikwa.

“Marahaba, mwanangu,” alisema. Kisha kwa mpishi: “Lete sahani yake hapa.” Kisha kwa Martina tena, kwa sauti yake ya kawaida ya kukwaruza: “Ninyi Wakinga mna watani huku kwetu?”

“Sijui, mzee.”

“Basi kuanzia leo mnao. Na ole wako ukilia.”

Chakula kilikuwa ugali na samaki wa kukausha, na pembeni sufuria la ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, ambayo Martina hakuwa amewahi kuiona. Walimfundisha kuimenya, wakamcheka anavyoimenya, na mmoja akamwambia kwamba kwa mikono ile hataolewa Kilwa nzima. Bi. Tekla anasema alikuwa akimtazama usoni kwa hofu. Martina alifikiri kidogo, kama kawaida yake, kisha akamjibu yule kijana kwamba Kilwa nzima haijamwomba. Bi. Tekla alilala usingizi mzito siku hiyo, kwenye hema lenye unyevu, na asubuhi akarudi Lindi na gari lilelile.

Wanaosimulia kisa hiki huishia hapo. Mimi naona kilichofuata ndicho kilichoonyesha kama kweli mambo yamebadilika.

Martina alikuwa ameshapima sehemu mbili. Walikaa, yeye na Mzee Likwata na vijana, wakazijadili kwa mara ya kwanza kwa mazungumzo ya kweli, na wakachagua ile ya karibu na zahanati. Kijiji kilikuwa kinasubiri kwa hamu. Walichimba, wakaongeza mabomba, wakachimba tena, na kisima kikatoka kikavu. Vumbi tu.

Katika vikosi vyetu vya zamani, kisima kikitoka kikavu, lawama ilijua njia ya kwenda kwa mpimaji, na kama mpimaji ni mgeni, ndiyo ulikuwa mwisho wake. Kijiji kiliitisha mkutano. Wanawake waliokuwa wakitembea mbali kutafuta maji walikuwa na haki ya kukasirika, na walikasirika. Mwanamume mmoja akasimama akasema kampuni imeleta mtoto aje ajifunzie kazi Likawage.

Mzee Likwata hakumsubiri amalize. Alinyanyuka polepole, akavua kofia.

“Kisima hiki kimekataa,” alisema. “Sehemu tuliichagua sote, na aliyeshika mtambo ni mimi. Mwenye lawama ailete kwa kikosi kizima. Huyu binti ni mmoja wetu.”

Kisha akamgeukia Martina, mbele ya watu wote, akamuuliza wafanye nini. Martina akainama, akanyamaza. Safari hii kikosi kizima kilinyamaza pamoja naye. Wanakijiji walishangaa, watu wazima wote wale wamekaa wanamsubiri binti mmoja. Alipoinua kichwa alisema wahamie ile sehemu ya pili, kule bondeni, na akaeleza kwa nini. Hakuahidi kitu.

Kule maji yalipatikana, si mengi ya kuruka juu kama kwenye picha, lakini ya kutosha na matamu. Mzee Likwata mwenyewe ndiye aliyepanda kilima cha shule kupiga simu. Nilikuwa ofisini Bi. Tekla alipoipokea. Alisikiliza, akasema alhamdulillahi, yeye Mkatoliki wa Mtama, kwa sababu ndilo neno lililokuja kwanza. Lakini swali alilouliza halikuhusu maji.

“Martina anakula wapi?”

“Yuko hapa jikoni, anagombana na mpishi,” alisema Mzee Likwata. “Anasema chumvi imezidi.”

Bi. Tekla aliweka simu chini, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akaniambia nimpe chai.

Tangu hapo dodoso halikutupwa, ila lilibadilishwa matumizi. Mhandisi Laurenti alitaka pia litumike kuchagua nani aajiriwe. Bi. Tekla alimpinga mpaka wazo likafa, akisema karatasi ile haijui nani anafaa, inajua tu pa kuanzia mazungumzo. Mgeni sasa husoma majibu yake mwenyewe kwanza, aseme ni wapi yamempata na wapi yamemkosea, kisha achague nini kiambiwe kikosi. Na kiongozi wa kikosi naye hueleza hulka yake kwa mgeni, ili asiwe mmoja tu anayechunguzwa. Mzee Likwata alikuja kukubali kujaza lake mwaka uliofuata. Alipoambiwa kwamba ni mtu asiyependa mabadiliko, alisema karatasi imeongea na mke wake.

Si kila mara ilikwenda sawasawa. Tulikuwa na dereva ambaye dodoso lilisema ni mchangamfu na mpenda watu, na yeye mwenyewe akakubali, mpaka tulipogundua kwamba alijibu vile alivyodhani tunataka kusikia. Bi. Tekla aliligundua kwa kumwuliza swali lake la siku zote, ambalo halimo kwenye dodoso lolote: ukiumwa, unataka tumpigie nani? Dereva akasema hana. Mazungumzo ya kweli yalianzia hapo, na dereva yule bado tunaye.

Yapo mengine aliyoyafanya ambayo nafasi hainiruhusu kuyaeleza yote. Kambi zetu zina vyoo na bafu za wanawake kwa sababu yake. Mfanyakazi anayejifungua hurudi kwenye nafasi yake ileile. Na wageni wanakaa. Mtu akiacha kazi siku hizi, anaacha kwa sababu amepata pazuri zaidi au amerudi kulea wazazi, na anakuja kuaga. Martina Sanga sasa ni mkuu wa upimaji wa kampuni nzima, ana vijana wake wawili anaowafundisha, na wote wawili wameshazoea kwamba akiulizwa swali lazima wasubiri.

Mwezi huu tumempokea fundi mitambo mpya, Brighton. Bi. Tekla alitaka mahojiano ya kumkaribisha niyafanye mimi, yeye akae pembeni. Nilimpa Brighton asome majibu yake, yaliyosema kwamba hupenda kuwa na watu wakati wote, nikamuuliza kama ni kweli.

Alifikiri. “Kweli, dada, lakini asubuhi kabla ya chai sitaki mtu aniongeleshe.”

“Tuwaambie wenzako?”

“Hilo waambieni. Mengine watayaona wenyewe.”

Tuliendelea, nikamuuliza kuhusu nyumbani, kuhusu kilichomfanya aache kazi ya mwanzo, na kuhusu anachokiogopa kambini. Alisema nyoka. Nikajitahidi kutocheka. Muda wote huo nilikuwa nikisubiri Bi. Tekla anikatize, kama anavyonikatiza tangu nimemfahamu. Hakunikatiza hata mara moja. Brighton alipotoka niligeuka kumwangalia, nikitegemea orodha ya makosa yangu.

Alikuwa ameegemea kiti, miguu ameinyoosha mbele, na uso wake umelegea kama wa mtu aliyefika nyumbani akatua mzigo wa kichwani. “Ahsante, Zakia,” alisema. “Sasa naweza kwenda.”

Bi. Tekla, kwa niaba ya Mkurugenzi, vikosi vyote vilivyoko bara na sisi wa ofisini, tunakushukuru. Tunawashukuru mume wako na watoto wako, waliokuazima kwetu kwa miaka yote hii na leo wanakurudisha kwao. Mungu akujalie afya, usingizi wa kutosha, na siku ambazo hakuna gari linalokusubiri. Ukipita Lindi, usipite bila kuingia. Uishi vizuri, mama yetu. Sisi huku tuko salama.

Zakia Maftaha
Ofisi ya Utumishi, Lindi